Mti Wenye Chapa ya Ng'ombe

Kaeni, kaeni. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba sana. Ila wewe mwenye kofia, usikalie gogo hilo la mlangoni. Si kwamba lina siafu. Lina mwenyewe, na mwenyewe yuko jikoni anasikia kila neno.

Mmekuja kutafuta matimba ya duara lenu jipya, shimo la dhahabu, nimewaelewa. Kama mtapata au mtakosa, si mimi ninayeamua. Mwamuzi anasonga ugali. Lakini kabla hajatoka, nisikilizeni mimi Nkwabi, fundi mstaafu, maana kazi mnayoianza ndiyo iliyonilea. Nimejenga matimba tangu nywele zangu ni nyeusi mpaka magoti yaliponikatalia ngazi. Zile fremu za magogo manne manne, zilizopandana toka mdomoni mwa shimo hadi chini, zikizuia kuta zisimwangukie mtu, ndizo kazi ya mikono hii. Mchimbaji akitoka na jiwe lenye dhahabu anapigiwa vigelegele. Fundi matimba hapigiwi vigelegele, ila watu wanarudi nyumbani kula.

Na huyo binti anayecheka pembeni ni mjukuu wangu Limi. Anasoma sekondari Kahama, anakaa na mama yake pale Nyahanga, yuko likizo. Amekuja na mdahalo wa shuleni: ati uchumi ukikua kwa kasi, mazingira yatapona kweli? Amepangiwa upande wa kusema hayaponi. Juzi akaniuliza, "Babu, wewe uko upande gani?" Nikamwambia mimi niko upande wa bibi yako, ndiyo maana nimezeeka salama.

Kazi hii nilifundishwa Geita na Fundi Bwire, mtu wa Mara, mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu watatu. Siku ya kwanza alinikabidhi nyundo, akaniambia niyagonge magogo yaliyolala pale nimwonyeshe lipi zima na lipi bovu. Nikagonga, nikasema yote mazima. Mzee wa watu alicheka mpaka akakaa chini. "Umegonga kama mtu anayepiga hodi kwa mkwewe! Gonga kama sungusungu anayemsaka mwizi!"

Nikagonga kama sungusungu. Ndipo nikasikia. Gogo zima linaita: ngo! Lililooza ndani linajibu kwa aibu: bu. Mpaka leo nikipita kwa watu nikaona nguzo ya nyumba, mkono unaniwasha nikaigonge. Nimeshawahi kufukuzwa harusini kwa sababu hiyo.

Bwire alinifundisha pia kwamba mti bubu ni muuaji. Kuna mti mgumu, unavumilia, unavumilia, halafu siku unavunjika bila kuaga. Na kuna mti unaolalamika mapema, kriii, kriii, unakwambia ndugu yangu nimeelemewa, toka. Huo unaolalamika ndio wa kuweka juu ya kichwa cha mtu. Mimi hata kuoa nilioa kwa kanuni hiyo hiyo.

"Nakusikia, Baba Shija!"

Mnaona? Huyo ndiye Mama Shija, mke wangu. Nimewaambia anasikia.

Makosa nayo nimefanya, tena ya kuchekesha. Nyuma ya fremu unatakiwa ujaze magunia yenye kokoto, yabanane na ukuta. Mimi nikaona ujanja, nikajaza nyasi mbichi, nikajisifu kwamba nimeokoa magunia. Nyasi zikanyauka, zikasinyaa, udongo ukapata nafasi ya kusogea. Mbuzi wa watu akapita ukingoni, puu! Akashuka na ukingo wake. Alipotolewa alikuwa mzima, akajitikisa, akanitazama mimi peke yangu kati ya watu wote wale. Geita nzima wakaniita Fundi Mbuzi. Nyinyi msijaze nyasi.

Sasa niwaambie habari ya gogo hilo.

Hapa kijijini kwetu, kabla hamjazaliwa wengi wenu, mtu mmoja alikuwa anachimba choo. Akatoa jiwe, akalipeleka Bugarama kwa wanaojua mawe, akarudi hasemi na mtu. Mtu asiyesema na mtu kijijini hapa anajulikana mara moja. Basi ikawa rashi, watu wakaikimbilia dhahabu. Ndani ya majuma machache tulikuwa na mama ntilie, vibanda vya kuchaji simu, karasha za kusaga mawe zinapiga kelele mchana kutwa, na watu toka Chato, toka Kigoma, toka kusikojulikana. Nami nikarudi toka Geita, nikasema afadhali nife kwetu.

Sitawadanganya, ilikuwa raha. Wazee wengine wakikaa na vijana wanalaani dhahabu kana kwamba hawakuila. Mimi niliila. Nyumba hii ilipata bati. Mwanangu Shija, mama yake Limi, alisoma kwa dhahabu hadi akawa mwalimu. Zahanati yetu nayo haikutokea mbinguni. Kwa hiyo, Limi, ukisimama kwenye mdahalo usimtukane aliyekulipia ada.

Lakini kila duara lilimeza miti. Mnalijua duara lenu: fremu juu ya fremu, na kila fremu ni magogo manne, na kila gogo lilikuwa mti wenye ndege. Zidisheni kwa maduara yote yale. Kilima cha upande wa magharibi kilikuwa na miti tangu babu zetu, na misimu michache tu ikatosha kukifanya kipara. Tulikuwa na mbio za ajabu. Ile methali ya haraka sitawaambia, mmeichoka, na sisi tuliichoka pia ndiyo maana hatukuisikia.

Zikabaki ngitili. Nyinyi mliotoka mbali niwaeleze: ngitili ni sehemu ya ardhi unayoifunga mvua zinapoanza, ng'ombe hawaingii, nyasi zinasimama, miti inainuka. Kiangazi kikikaza unaifungua kidogo kidogo, ndama na wazee wa zizi wanakula. Wasukuma tumeifanya tangu zamani, tukaiacha, nchi ikawa vumbi tupu, tukaambiwa turudie, tukarudia. Ya kwetu aliifunga Mama Shija. Ardhi ni ya baba yangu, sawa, lakini miaka yote niliyokuwa Geita nikigongagonga magogo, yeye ndiye aliyefukuza ng'ombe wa watu na mtoto mgongoni.

Sasa Mabula. Mabula ni rafiki yangu wa kuchunga naye tangu utoto, na duara lake ndilo lililokuwa linatema dhahabu kuliko yote. Tatizo, udongo wake laini kama unga, na mvua zilikuwa zinakaribia. Alihitaji matimba, tena upesi. Akaniuliza tukiwa kwenye chai na maandazi, "Baba Shija, ile ngitili yenu si ina miti mizuri ya mlama?" Nikajibu kama mwanamume, "Wewe tena! Kesho njoo na mashoka."

Nikaenda nyumbani nikamweleza Mama Shija, alikuwa anapepeta mpunga. Hakuacha kupepeta.

"Ngitili ya nani?"

"Yetu."

"Wakati naifunga ulikuwa wapi?"

"Geita."

"Basi kakate miti ya Geita."

Asubuhi Mabula akaja na mashoka yake, maskini, anatabasamu. "Mwangaluka, shemeji." Mama Shija akamwitikia vizuri, akampa kigoda, na matobolwa ya viazi na karanga, maana anampenda Mabula. Kisha akamwambia haiwezekani.

Mabula alikuwa na hoja, msidhani alikuwa mlafi tu. "Shemeji, vijana wangu wako chini. Mvua ikiingia bila matimba, nifunge. Nikifunga, watoto wao wale nini?"

"Na mimi nikikufungulia wewe leo, kesho kila mwenye duara yuko hapa na shoka. Nikianza mimi, ngitili zote za kijiji zimekwisha. Kiangazi ndama wangu wale nini, Mabula? Dhahabu?"

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo penye taabu. Nilikaa katikati yao nimeinamisha kichwa, roho inaniuma, maana rafiki nimemuahidi na mke nimemuudhi, na nilijua kabisa kwamba ngitili ile ikiondoka, kijiji hiki kitabaki mashimo na bati. Nilitamani nirudi Geita hata kwa miguu.

Ndipo Mama Shija akauliza swali ambalo sisi wataalamu hatukuwahi kujiuliza.

"Hayo maduara mliyoyaacha, yaliyokufa, matimba yake yako wapi?"

"Yamo humo humo," nikasema.

"Mabovu?"

"Ya mdomoni yameoza, maana yanalowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ya chini mengi ni mazima."

"Mbona hamyatoi?"

Tukatazamana na Mabula. Mabula akajikuna. "Yana mkosi, shemeji."

Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa imani yetu. Duara likishakufa, likikosa mawe, huligusi. Ukichukua timba lake ukaweka kwenye duara jipya, unahamisha na kufa kwake. Hakuna aliyejua imani ilianza wapi, lakini kila mtu alikuwa na binamu aliyepatwa na mkosi huo. Basi maduara yakafa na matimba yake, yakabaki wazi, na ng'ombe wetu wawili watatu wakatumbukia humo.

Mama Shija aliweka ungo chini. "Yaani mmezika miti mizima, halafu mnakuja kuniomba mibichi? Nirudishieni kwanza mliyoizika. Mkishaileta yote hapa uani nikaiona, itakayopungua nitawapa mimi."

Yaya, yaani hapana, hakuna zaidi ya hapo, akarudi kwenye mpunga wake.

Vijana, kujenga matimba ni kazi. Kuyatoa ni kazi na nusu, maana ukuta uliozoea kushikwa ukiuachia unakudai. Bwire alikuwa ameshafariki, sikuwa na wa kumuuliza. Nililala nikiwaza, nikaamka na njia, na njia hiyo ndiyo ninayotaka muondoke nayo leo. Usiguse fremu iliyo juu ya kichwa chako. Gusa iliyo miguuni. Kwanza mnamwaga kifusi toka juu mpaka kiifikie fremu ya chini kabisa. Unashuka, unasimama juu ya kifusi, unagonga, unasikiliza, unaitoa hiyo moja tu, inavutwa kwa kamba. Unapanda. Mnamwaga tena. Unashuka tena. Shimo linajaa huku wewe unapanda nalo, na kichwani siku zote una fremu nzima. Ukifika mdomoni, huna shimo tena. Una uwanja.

Siku ya kwanza nilishuka na nyundo yangu. Mabula mwenyewe alishika kamba, akawa ananiita kila mara, "Upo?" Nami namjibu, "Nipo, acha kelele, nasikiliza mti!"

Basi yakalala hapa uani, rundo kubwa. Kazi ikawa imekwisha? Wapi! Wachimbaji wa Mabula wakakataa. Wakasema hawashuki duara lenye matimba ya mkosi hata walipwe mara mbili. Mabula akanijia amenywea.

Mama Shija akasema, "Waite waje kula."

Akapika ugali, dagaa, na mlenda wa karanga. Wakaja. Viti havikutosha, akawaonyesha magogo yaliyofunikwa turubai, akasema kaeni hapo wanangu. Wakakaa, wakala, wakaongeza, wakajilamba vidole. Wengine wakajilaza wakasinzia pale pale. Jua lilipoanza kushuka akavuta turubai.

"Mmekalia mkosi mchana kutwa. Nani kaumwa tumbo?"

Mmoja akasema, "Mimi, mama, lakini ni ugali, nimezidisha." Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika kwenye karasha. Kesho yake wakashuka.

Yale ya mashimoni hayakutosha, kama nilivyojua. Mama Shija akatimiza neno lake. Aliingia ngitili mwenyewe, mimi nikimfuata na msumeno, akachagua milama michache, mmoja hapa, mwingine kule. Akanifundisha mimi fundi namna ya kukata: urefu wa goti, mkato wa mshazari ili maji yateleze, kisiki kisioze, kichipue. Chipukizi zikitoka nyingi unaacha mbili, baadaye moja.

Tulipofika nyumbani akawasha moto akaweka chuma cha chapa, kile tunachochomea ng'ombe wetu. Nikamuuliza, unachoma ndama gani leo? Akachukua gogo la kwanza, tsss, akalipiga chapa ya boma letu, ubavuni.

Mabula akashika kiuno. "Shemeji, mti umekuwa ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu ukikaa naye zizini kwako, maziwa unakamua, samadi unapata, sivyo? Lakini ng'ombe ni wangu. Huu nao nimekuazima. Maziwa yake ni dhahabu, kamua. Duara likifa, mti unarudi kwenye boma."

Kila Msukuma aliyekuwepo alielewa bila kufafanuliwa. Ng'ombe wa mtu aliyekuamini huwezi kumwacha afie shimoni. Kuanzia pale, wenye ngitili wengine wakapiga chapa zao, kijiji kikakaa kikakubaliana: hakuna kufungua duara jipya kabla hujafukia lililokufa na kurudisha miti ya watu. Mabula alilalamika sana. "Mama Shija ananichelewesha!" Mvua zikaja. Wenzake waliokuwa wakimcheka, walioachanisha fremu ili matimba yawatoshe, walisimama msimu mzima wakingoja maji yakauke na kuta zitulie. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Yeye hakusimama hata kidogo, na tangu hapo halalamiki, ananung'unika tu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna wanaojenga kwa zege, kuna mikaratusi ya kupandwa maalumu kwa matimba, kuna vibali na wakaguzi. Vizuri sana, wala sina wivu. Sisemi pia kwamba tumemaliza yote. Zebaki bado inanitisha, na bonde la chini sinywi maji yake. Hayo ni yenu, fundi mmoja hamalizi nyumba yote.

Lakini gogo hilo. Gogo hilo ndilo lile la kwanza kuchomwa chapa. Limeshika duara la Mabula mpaka lilipokufa, likatolewa. Likashika la pili, likatolewa. Majuzi limetoka la tatu, vijana wake wamelileta begani wakiimba. Jumamosi mimi, Mama Shija na Limi tukaenda ngitili kukitafuta kisiki chake. Bibi huyu hakupotea hata hatua moja. Kisiki hakikuonekana tena, kimevaa mti: mlama umesimama, mnyoofu, majani tele, na tetere amejenga.

Mama Shija alikuwa amepima gogo la zamani kwa kamba ya katani, akafunga fundo. Akaizungusha kwenye mti mpya. Fundo likakutana na ncha.

Limi akasema, "Bibi, umelingana! Sasa tunaukata?"

"Kwani la zamani limekufa?"

Wakanigeukia mimi. Tulirudi nyumbani, nikachukua nyundo, nikaligonga hapo lilipo. Nawaambia kweli, machozi yalinilenga. Ngo! Kama jana.

"Basi uache ule usimame," bibi yenu akasema. "Tulikuwa na mmoja, sasa tunayo miwili."

Limi akasema shule ikifunguliwa atamwomba mwalimu ambadilishie upande. Nikamwambia asibadilishe upesi hivyo. Awaulize kwanza wa upande ule wanataka kwenda kasi gani, maana kisiki nacho kina kasi yake, na hakisukumwi.

Haya, huyo anatoka. Simameni, msalimieni bibi.

"Marahaba, wanangu. Mnataka matimba?"

"Ndiyo, bibi."

"Duara lenu lile la zamani, la kule bondeni, mmelifukia?"

Msinitazame mimi. Jibuni.

"Bado, bibi."

"Basi kuleni kwanza. Mkishiba mkalifukie, mniletee miti yake uani. Na hili gogo mtalikuta hapa hapa linawangoja."

Mmesikia wenyewe. Naweni mikono. Na mkiondoka chukueni nyundo yangu ile nyuma ya mlango. Mimi kushuka siwezi tena, lakini nitakuja nikae juu ya shimo, nisikilize mnavyogonga.